Kabla Chuo Hakijafunguliwa

Kanduyi, Bungoma
14 Juni 2026

Mpwa wangu mpendwa,

Habari kwamba umepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili ya biashara pale Kibabii imenifurahisha mno. Chuo hicho kilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2015. Mama yako alipomaliza shule, aliyetaka elimu ya juu ilibidi ahame kwao. Wewe utapanda matatu Kitale Ijumaa, na Jumatatu asubuhi utakuwa umeketi kazini.

Katika ujumbe wako umenitajia karo, vitabu, laptopu na saa za masomo. Sikuona mahali ulipoandika utapumzika lini. Ndiyo maana nimeandika barua badala ya kukupigia simu.

Watu wanaosoma huku wakifanya kazi, hasa huku kwetu, mara nyingi hawashindwi na hesabu za fedha wala takwimu. Huchoka. Na sehemu kubwa ya uchovu huo haitoki chuoni wala ofisini, inatoka kwetu sisi jamaa zao. Jumamosi ni matanga, Jumapili ni kikao cha harusi, katikati ya wiki kuna mchango wa karo ya mtoto wa binamu, na asiyefika husemwa kwamba masomo yamempa kiburi. Kwa hiyo mapumziko yako hutayapata kwa kujipangia peke yako. Lazima jamaa wayaridhie, na anayefaa kuyaombea ni mkubwa wako. Kazi hiyo niachie mimi.

Tuanze na Agosti. Mwaka huu ni wa shufwa, yaani mwaka wa tohara, na mdogo wako yumo kati ya watakaotahiriwa. Atakuja kwangu na njuga zake, nitamchinjia ng'ombe, nitamvalisha shingoni luliki, ile nyama ya kifua cha ng'ombe, kama mjomba anavyopaswa, kisha arudi kwenu na msafara wake mkiimba usiku kucha. Ni furaha kubwa, na ninaingojea. Lakini dada wa anayetahiriwa hupika, huteka maji na kuandalia wageni mpaka miguu imuume. Usihesabu hata siku moja ya wiki hizo kuwa likizo.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakupa siku zisizopungua 21 za kazi za likizo kwa mwaka. Mkielewana na mwajiri mnaweza kuzigawa, ila fungu moja liwe angalau wiki mbili mfululizo. Najua miaka yote umezimalizia shambani. Mara hii ziombe hizo wiki mbili sherehe zikiisha tu, kabla ya chuo kufunguliwa, na zinazobaki uzitunze kwa mitihani ya Desemba. Peleka ombi mwezi huu. Kwenye sacco yenu hamko wengi, na Agosti kila mtu ana ndugu wa kutahiriwa.

Siku za kwanza lala tu. Ukishiba usingizi, nenda Saiwa. Nadhani hujawahi kuingia, ingawa umekulia hapo karibu. Hifadhi hiyo ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, swala wa kinamasini, na ni ndogo, kama kilomita tatu za mraba, kwa hiyo mtu hutembea kwa miguu. Panda mnara wa mbao alfajiri ukae kimya. Kwa muda mrefu utaona ukungu na mafunjo basi. Kisha matete yatatikisika mahali pamoja, atokee nzohe, manyoya yameloa, anainua mguu mmoja mmoja polepole, na hapo utaziona kwato zake ndefu zilizotanuka, zinazomwezesha kutembea juu ya tope bila kuzama. Akishtuka hujitosa majini akabakiza pua tu nje. Simu iache begini. Nakutajia Saiwa na si Mombasa kwa sababu karo imeshakula akiba yako, na kwa sababu hata katikati ya muhula unaweza kurudi hapo kwa nusu siku.

Oktoba na Novemba ndiyo miezi inayonitia wasiwasi. Bodi ya Nafaka haichukui mahindi yenye unyevu uliozidi asilimia 13.5, na wewe unajua maana yake pale nyumbani: kuyaanika kwenye maturubai, kuyageuza kwa reki, kuyafunika mbio wingu likitanda alasiri, kesho kuyatandaza tena. Umeifanya kazi hiyo tangu shule ya msingi. Nitaongea na shemeji, na nitalipa kibarua mmoja asimame mahali pako mpaka gunia la mwisho lishonwe. Wewe ukienda shambani uende kuwasalimu.

Ijumaa za masomo usisafiri usiku kurudi Kitale. Chumba cha nyuma hapa kwetu ni chako. Ukifika usiingie jikoni. Kula, oga, lala. Usingizi ndio unaosaidia yale uliyosoma yakae kichwani, kwa hiyo kukesha usiku wa kuamkia mtihani ni kujiibia mwenyewe.

Halafu kuna lile kundi la WhatsApp, maana darasa la uzamili halikosi. Wiki ya kwanza kabisa waambie wenzako kwamba kuanzia Jumamosi saa mbili usiku hadi Jumapili saa nane mchana hujibu ujumbe. Ukisema mapema watakuzoea. Ukinyamaza ghafla kazi ya kikundi ikiwa katikati, watakuita mvivu, na watakuwa na sababu.

Masomo ya darasani yakiisha utakuja utafiti, na hapo wengi hukwama kwa miaka. Hakuna tena kengele wala ratiba, basi mtu haandiki, na wakati huohuo anajiona hana haki ya kupumzika. Hilo tutalizungumza likikaribia.

Kwa sasa nitumie tarehe za likizo ukishakubaliwa. Mwambie mama yako nitafika Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, baada ya kanisa. Nataka jina lako litolewe kwenye kamati zote za harusi hadi mwaka ujao. Mchango wa pesa utatoa kadiri utakavyoweza. Dada yangu atalalamika kidogo. Usimjibu, niachie.

Ni mimi mjomba wako akupendaye.