Imesema Imeandika

Fundi wa simu ninayemtegemea mtaani Dallas, mjini Embu, huwaudhi wateja kwa kitu kimoja. Kompyuta ikishatangaza kwamba faili la kusasisha mfumo limeingia kwenye memori kadi, yeye haing'oi. Huiondoa kwanza kwa utaratibu, huirudisha, kisha hulisoma faili lote upya na kupata alama yake ya SHA-256, herufi na tarakimu 64. Huilinganisha na ile iliyotolewa na mtengenezaji. Biti moja tu ikipotea njiani, alama nzima hubadilika.

"Si imesema imemaliza?" mama mmoja alimuuliza, matatu ikimngoja.

"Imesema imeandika, mama. Haijasema inaweza kusoma."

Ana sababu. Kompyuta huweza kutangaza imemaliza huku sehemu ya data ingali kwenye kumbukumbu yake ya muda, ikingoja zamu. Halafu kuna kadi bandia, ambazo nazichukia kuliko virusi. Imeandikwa gigabaiti 64, ndani ina nane. Hupokea kila unachoipa bila kulalamika. Ikijaa, hufuta ya zamani kimyakimya au hutupa mapya, na orodha ya majina hubaki nzima. Faili lipo, ukubwa wake umeandikwa, ndani hamna kitu. Simu nyingi mpya hutunza mfumo wa zamani hadi ule mpya uwake salama, mpango ulioingia na Android 7 mwaka 2016, kwa hiyo sasisho likikwama hurudi kwenye ule wa zamani. Zile kuukuu zinazoletwa kwake hazina pa kurudi. Zikizimika katikati ya kazi, huenda zisiwake tena.

Tangu nimwone akifanya hivyo, nimeanza kutilia shaka neno "sawa". Ukimtuma mtoto dukani humwambia arudie ulichomwagiza, maana unajua kuitikia ni rahisi. Mtu mzima hatumrudishii swali. Tunaona ni kumdharau, hasa akiwa ametuzidi umri, na hivyo wale tunaowaheshimu zaidi ndio tunaowaacha na maagizo ambayo hayakuhakikiwa. Kikao cha harusi huvunjika kila mtu akiitikia, na siku ya siku viti vinaletwa na watu wawili, maji hayaletwi na yeyote.

Dada yangu ni muuguzi, na amepata njia isiyomvunjia mtu heshima. Alishamweleza shosho mmoja kwamba dawa ni kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni. Shosho akaitikia vizuri kabisa. Dada akamuuliza, "Ukifika nyumbani, shosho, mzee akitaka kujua unavyozitumia utamwambiaje?"

Shosho akasema atamwambia anameza vyote viwili jioni, baada ya githeri, kwa sababu asubuhi yuko shambani na atasahau.

Wakakaa chini wakapanga upya.