Walinishushia Presha Makusudi
"Daktari, presha ikishuka si mtu anakufa?"

Hilo ndilo swali mathe alimuuliza daktari wa dawa ya usingizi, na sikumlaumu. Ya kwake iko juu, anameza dawa kila asubuhi. Sasa mtu anamwambia kwa upole kabisa kwamba nikishalala, ataishusha yangu makusudi.

Nilikuwa na miaka 19. Pua ilikuwa imezibwa na vinyama miaka miwili. Nalala mdomo wazi, sisikii harufu ya kitu. Dawa za kupuliza zilishindwa, ikabaki upasuaji.

Daktari alieleza hivi. Mpasuaji anapitisha kamera nyembamba puani, na mle ndani hakuna nafasi. Damu kidogo tu ikifunika kioo, haoni. Na pembeni kuna jicho, juu kuna ubongo, katikati ni mfupa mwembamba sana. Kwa hivyo wanainua kichwa cha kitanda kidogo, wanakupa dawa kama propofoli, remifentanili au labetaloli, mishipa inalegea, mapigo yanapungua, na ile namba ya juu inakaa kati ya 80 na 90 badala ya 120. Ni kama kufunga bomba nusu ndio fundi aone penye panavuja. Lakini huwezi kulifunga lote, juu ubongo, moyo na figo zinataka damu kila dakika. Ndio maana kuna mtu anakaa hapo kichwani mwako mwanzo hadi mwisho akiangalia mashine.

(Nilienda kusoma baadaye. Mwaka wa 1946 huko Marekani, daktari Gardner alishusha presha kwa kumtoa mgonjwa damu kwa mshipa, kisha anamrudishia. Wacha nishukuru nilizaliwa enzi za dawa.)

Mathe akauliza kama yeye pia angefanyiwa hivyo.

"Hapana, mama. Mwili wako umezoea presha ya juu. Namba ambayo kijana ataivumilia, wewe inaweza kukunyima damu kwa ubongo."

Hapo ndipo tumbo lilinikata. Kwa sababu jana yake usiku nilikuwa steji na maboyz, tunatafuna muguka na njugu huku malori yakipita, mpaka saa nane. Wasee walisema itanitoa uoga. Kwa fomu, pale panauliza unatumia nini, niliandika "hakuna".

Nesi akanipima. 152 kwa 96, moyo unapiga 118. Mathe akasema ni woga tu, mtoto hajawahi kupasuliwa. Daktari akaangalia macho yangu, akamwomba mathe atoke nje kidogo.

"Umetumia nini? Sitaki kukuchoma kwa mama yako. Nataka tu kujua nini iko ndani ya damu yako kabla niongeze yangu."

Nilinyamaza muda mrefu, wasee. Nilifikiria nauli tuliyotumia, likizo aliyoomba kazini, pesa ya kuchanga. Halafu nikasema muguka.

Hakunigombeza. Alisema muguka unasukuma moyo na presha juu, na yeye angekuwa anavuta chini bila kujua anashindana na nini. Mapigo yangeweza kuvurugika nikiwa nimelala, na singekuwa na mdomo wa kumwambia chochote. Akaahirisha wiki mbili. Mathe aliambiwa presha yangu haijakaa sawa leo, ambayo ni kweli. Tulirudi nyumbani kwa matatu bila kuongea, yeye ameshika bahasha ya karatasi zangu kwa mkono wote mbili.

Mara ya pili nilienda nikiwa safi. Nakumbuka barakoa, nakumbuka kuhesabu hadi nne.

Mwezi mmodi hivi baadaye nilikuwa barabarani, lori likashuka kutoka juu ya mlima, na nikasikia harufu ya breki zinazoungua. Harufu mbaya sana. Nilisimama hapo nikiivuta kama mjinga.

Mathe hajawahi kujua kuhusu muguka. Anasomanga hizi posti zangu zote, kwa hivyo saa hii anajua. Mum, nakuja nyumbani jioni, usianze kunipigia simu.