Mkate wa Sinia Katika Mji wa Kale wa Mombasa

Wengi wetu watokao bara, tuendapo Mombasa, hutazama bahari, hupiga picha mbele ya Ngome ya Yesu, kisha hurudi makwetu tukidhani tumeuona mji. Ngome hiyo yastahili kutazamwa, maana Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na tangu 1895 hata 1958 ilikuwa gereza. Lakini mji haujulikani kwa mawe yake tu. Mimi niliufahamu zaidi jikoni, nilipokwenda likizo kwa rafiki yangu, karani mwenzangu, tukaoka mkate wa sinia pamoja na mama yake.

Nilishuka garimoshi Miritini, nikachukua matatu mpaka mjini, nikapita njia nyembamba zenye milango ya nakshi na roshani za mbao. Zawadi yangu ilikuwa kilo 10 za mchele wa Mwea, ambako kilimo cha mpunga kwa maji ya mifereji kilianza katika miaka ya 1950. Nilipobisha hodi na kumwamkia mama shikamoo, aliitikia marahaba, akaunusa mchele, akasema, "Vyema, mwanangu. Kesho mchele wa kwenu na nazi ya kwetu vitaonana."

Mama huyu ni mjane. Kwa mikate amesomesha watoto wanne, rafiki yangu akiwa mmoja wao, na sasa amlipia karo mjukuu wake. Siku ile jirani mwenye harusi alikuwa ameagiza mikate minane, nayo ilitakiwa kabla ya Magharibi. Viganja vya mama vyamuuma siku hizi, basi mwanawe alijifunga kikoi, akaketi juu ya mbuzi, akakuna nazi. Huko kwetu wako wanaume waonao haya kushika mwiko. Yeye hakuona haya, wala majirani waliopita hawakumcheka.

Kipimo chake ni hiki. Kwa mkate mmoja, chukua mchele nusu kilo uliolowekwa usiku kucha, tui zito la nazi moja, sukari robo kilo, iliki iliyopondwa, na kijiko kidogo kimoja cha hamira. Mchele husagwa pamoja na tui hata uwe laini kabisa. Zamani kazi hii ilifanywa kwa mawe, na sasa hufanywa kwa mashine ya umeme.

Kabla ya kuchanganya, mama aliitia hamira katika kikombe cha maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo. Tukangoja robo saa. Haikutoa povu hata kidogo. Rafiki yangu, akiogopa kuchelewa, alisema, "Mama, tuitie tu, huenda ikaumuka mbele ya safari." Mama akakataa. "Hamira iliyokufa haifufuliwi na haraka zetu," akasema. "Tukiitia, mchele wote na nazi zote zimekwenda, na karo pia." Basi mwanawe akatoka mbio kwenda dukani, akaleta kopo jipya. Hiyo ilitoa povu mara moja, ndipo tukachanganya.

Baada ya muda wa saa moja mchanganyiko uliumuka ukajaa mapovu. Mama akasema Bismillahi, akaumimina katika sufuria pana iliyopakwa mafuta. Moto wa chini ulikuwa wa makaa machache, usije ukaunguza. Mkate ulipoanza kushikana, alifunika, akaweka makaa juu ya kifuniko, ili uso wake upate rangi ya dhahabu. Tulitumia majiko mawili, na mkate wa nane ulitoka jua likiwa bado juu ya mapaa. Watoto wa nyumba walipewa masalio, nami nikapata kipande na kahawa chungu.

Fedha zilipoletwa, mama hakuanza na karo. Kwanza alitenga bei ya mchele, nazi, sukari na makaa ya safari ijayo, akaitia katika mkebe. Kilichobaki ndicho alichokiita faida, na katika hicho ndipo alipotoa karo.

Ndugu wasomaji, mkulima mwenye busara huotesha mbegu chache katika kitambaa chenye maji kabla ya kupanda shamba zima. Mama huyu, ambaye hakukaa darasani miaka mingi, hufanya vivyo hivyo na hamira yake, na kwa mkebe wake huitunza hesabu kuliko wengi wetu tushikao kalamu. Vipimo vyake havikuwa vimeandikwa popote, nasi tuliviandika jioni ile katika daftari la mjukuu wake. Aliye na mama mwenye ufundi, na akae naye jikoni siku moja, akiwa na kalamu, angali mzima wa kumfundisha.