Bibi aliyeniuliza swali



Ndugu wasomaji, leo nakiri jambo. Mimi mwalimu wa madrasa, umri umeshapita arobaini, ninapenda sana riwaya za tarikh. Na si za vita tu. Nazipenda hasa zile za mabibi wa kasri la Baghdad, zama za Harun ar-Rashid, aliyetawala kuanzia mwaka 786 hadi 809.

Riwaya iliyoniingiza huko ni ya Jurji Zaydan, Mkristo mzaliwa wa Beirut aliyeandika vitabu vyake Cairo. Inaitwa Al-Abbasa Ukht ar-Rashid, ilitoka mwaka 1906. Niliisoma nikiwa mwanafunzi, usiku, baada ya kudurusu nahau. Humo Khalifa anamwoza dada yake Abbasa kwa waziri wake Jaafar al-Barmaki, ili wote wawili wapate kukaa naye barazani, lakini kwa sharti wasiishi kama mke na mume. Wakapendana, wakazaa kwa siri, siri ikafichuka, na mwaka 803 Jaafar akauawa. Wallahi nilimlilia Abbasa.

Kosa langu lilikuja baadaye. Katika darsa ya akina mama baada ya Alasiri, nilikisimulia kisa kile kama tarikh yenyewe, nikakitia na chumvi. Nilipomaliza, bibi mmoja mtu mzima akaniuliza:

"Maalim, hayo ya chumbani kwa dada wa Khalifa, nani aliyaona?"

"Nimeyasoma kitabuni, mama."

"Na aliyeandika, aliyaona?"

Nikanyamaza. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuzifuata. Kila mwaka nawahifadhisha watoto aya hiyo!

Usiku ule nilifungua Muqaddima ya Ibn Khaldun, ya mwaka 1377. Anakikataa kisa hicho. Kweli Zaydan hakukizua yeye, kwani kimo hata kwa Tabari, aliyefariki mwaka 923. Lakini Ibn Khaldun anasema Mabarmaki waliangushwa kwa sababu walishika madaraka na hazina, hata Khalifa mwenyewe akitaka fedha kidogo hapati. Hoja yake nyingine, kwamba binti wa ukoo mtukufu hawezi kufanya vile, haikunitosha. Hii ya mali na madaraka ilinitosha.

Wiki iliyofuata nilirudi mbele ya akina mama wale wale, nikasema nilikosea. Uso ulinichoma. Yule bibi akasema, "Basi tupe ya kweli." Nikawaeleza habari za Zubayda, mke wa Harun, aliyetoa mali yake kuwapelekea mahujaji maji Makka, na ile njia ya kutoka Kufa mpaka Makka inaitwa kwa jina lake mpaka leo. Darsa ile iliendelea mpaka karibu na Maghrib.

Riwaya sijaziacha. Zimenifanya niwaone mabibi wale kuwa ni watu, wenye hofu na wivu na mapenzi, wakati vitabu vya tarikh mara nyingi huwataja kwa mstari mmoja tu. Lakini sasa nasoma pamoja na binti yangu, na tukifika mwisho wa kila mlango ananiuliza lile swali la bibi: nani aliyaona? Wazazi, jaribuni nanyi na watoto wenu.

Wabillahi tawfiq.