Asiyesali Ashike Ufunguo?

Wahenga walisema mtu ni utu, lakini hawakutuambia utu wenyewe hutoka wapi. Swali hili limezua zogo huku kwetu Port Victoria, nami limeninyima usingizi, ilhali mwanafunzi wa Kidato cha Tatu angefaa kunyimwa usingizi na hesabu tu.

Mjomba wangu ni mvuvi. Haendi kanisani, haendi msikitini, wala hatambiki. Ukimuuliza, atakwambia waziwazi kwamba haamini. Si mlevi wala mtu wa fujo, la! Mwaka wa 2020, mto Nzoia ulipofurika Budalang'i na ziwa nalo likapanda, alivusha watu kwa mashua yake siku tatu mfululizo bila kudai hata ndururu. Makanisa yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya korona, na hakuna abiria aliyemuuliza yeye ni wa dhehebu gani.

Sasa chama cha akiba cha pale ufuoni kinatafuta mtu wa kushika ufunguo. Sanduku letu lina kufuli tatu na kila ufunguo una mwenyewe, ndiyo mtu asilifungue peke yake. Mjomba akapendekezwa. Lo! Mzee mmoja alisimama akasema ati asiyemwogopa Mungu hana cha kumzuia kuiba. Watu wakapiga makofi. Mimi ndiye huandika kumbukumbu za mikutano (nina mwandiko mzuri, msinicheke), kwa hivyo niliyaandika maneno hayo yote.

Mzee huyo simdharau. Chama kilichotangulia kiliporwa, akapoteza karo ya wajukuu. Lakini aliyetoroka na pesa ndiye aliyekuwa akifungua mikutano kwa sala.

Wengine husema kutoamini ni mambo ya Wazungu. Hapo nakataa. Okot p'Bitek, Mwacholi wa Uganda aliyefanya kazi papa hapa Kisumu mwishoni mwa miaka ya 1960, aliuacha Ukristo aliolelewa nao. Katika kitabu chake cha 1970 aliwakemea wamisionari na wasomi kwa kuivisha miungu ya Waafrika kanzu za kigeni. Naye Kenneth Kaunda aliifanya falsafa ya utu kuwa mwongozo wa Zambia kuanzia 1967, na alikuwa Mkristo kabisa! Kumbe hata mwenye dini anaweza kuanza na binadamu.

Katiba yetu ya 2010 inamtaja Mungu katika utangulizi, lakini kifungu cha 8 chasema hakuna dini ya taifa, na cha 32 chakataza mtu kunyimwa haki kwa sababu ya imani yake. Hata mahakamani asiyetaka kuapa kwa kitabu kitakatifu huruhusiwa kuthibitisha tu kwamba atasema kweli. Kama hakimu anamkubali, sisi wa sanduku la mbao ni nani?

Mimi mwenyewe ni mwanakwaya na ninaamini. Ndiyo sababu nilimwendea Mjomba alipokuwa akishona nyavu, nikamuuliza nini humzuia kuiba.

"Pesa za nani?" akauliza.

"Za chama."

"Chama hakina pesa. Kuna za nyanya yako. Kuna za yule mama anayeanika omena pale, ana watoto watano. Nikiziiba, kesho nitapitia wapi?"

Nikamwambia huenda watu wasijue ni yeye. Akakata uzi kwa meno. "Watoto watalala njaa hata wasipojua," akasema, kisha akaniagiza nimletee sindano nyingine.

Nyanya hakosi misa hata mvua inyeshe vipi, na humwombea mwanawe huyo kila usiku aokoke. Ufunguo wa kwanza anao yeye. Nilipomsimulia alinyamaza kitambo, halafu akaniuliza kama kumbukumbu zinaruhusu mtu aliyekwisha kupiga makofi abadilishe kura yake. Nikamjibu makofi si kura.

Kura ni Jumamosi.