Kabla Hujapakia Randa Kwenye Kontena

Sisi tulio Marekani, kila anayetaka kutuma mashine nyumbani tunampa jibu moja: "Nunua transfoma kubwa, umemaliza." Mwenye randa ya kwenda Keko, Dar es Salaam, na mwenye mashine ya kukereza vyuma wote hupewa dawa hiyo hiyo, nayo inaudhi, kwa sababu mafundi wa huku hawachagui transfoma hivyo. Karakana nyingi hapa hupokea volti 208, ilhali kibati cha mashine kinataka 240. Fundi hupima mashine ikiwa kazini, kisha hufunga transfoma ndogo ya kuongezea, ambayo waya zake za volti 32 huunganishwa mfululizo na laini. 208 inapanda hadi kama 236. Uzuri wake uko kwenye ukubwa: mashine ya fezi moja inayovuta ampea 40 inakaribia kVA 9.5, lakini transfoma inabeba kile kipande cha nyongeza tu, kwa hiyo ya kVA 1.5 inatosha.

Hilo linawezekana kwa sababu kasoro ya huku haibadiliki sana. Nyumbani umeme unatangatanga. Jirani akianza kuchomelea mageti taa zinafifia. Usiku karakana zikifungwa, volti zinapanda. Nyongeza ileile ya asilimia 13 inayoiokoa laini ya volti 200 mchana, usiku laini ikifika 240 itaipa mashine 272. Hapo ndipo mahali pa stabilaiza, hata wajuaji wakiidharau. Na umeme mdogo si jambo la kuvumilia: nguvu ya mota kuzungusha hushuka kwa mraba wa volti, hivyo volti zikipungua kwa asilimia 10, karibu moja ya tano ya nguvu hiyo imekwenda. Randa itaunguruma ubao ukiwa umekwama.

Lakini pengo kubwa zaidi ni hezi. Marekani ni 60, kwetu ni 50, na hakuna transfoma wala stabilaiza ya kawaida inayogeuza hilo. Mota ya 240 kwa hezi 60 ikipewa volti hizo hizo kwa hezi 50, chuma chake hushiba sumaku, ampea hupanda, joto linaila taratibu. Inachotaka ni kama volti 200, yaani transfoma ya kushusha! Ile ya fezi tatu ya volti 480 ina bahati: 480 kwa 60 ni 8, na 400 kwa 50 ni 8. Inakubali fezi tatu za nyumbani bila transfoma ya mota, ingawa mwendo na nguvu hupungua kwa moja ya sita, na saketi za swichi zikaguliwe.

Mtasema mbona drili na grinda zilizotumwa zinafanya kazi. Hizo ni mota za brashi, hezi haizihusu. Transfoma ya kushusha 240 kuwa 120 inazitosha. Randa si drili.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia kontena, mwombe fundi wa nyumbani apime laini mchana wakati wa kazi na tena usiku, naye atumiwe picha ya kibati. Kikiwa kimeandikwa fezi moja na hezi 60 peke yake, uza mashine huku huku, pesa ikanunue ya hezi 50 Dar es Salaam.