Kifaru wa Sinema na Kifaru wa Ngorongoro

Safari yetu ya Karatu na Ngorongoro ilianzia Magomeni, jijini Dar es Salaam, katika sebule ya Dada mmoja muuguzi, na chanzo chake kilikuwa ubishi juu ya picha za sinema. Tuko marafiki wanne. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi hukutana hapo na kuangalia picha moja nzima, kila mtu kwa zamu yake ya kuchagua, kisha tukala na kubishana hadi usiku. Majumba ya zamani kama Avalon, Empire na Odeon, ambayo wazazi wetu walikuwa wakiyaendea wamevaa nguo za sikukuu, yalikwisha kufunga pazia zao, na ndiyo maana sebule ya Dada imekuwa jumba letu.

Dada mwenyewe ni mtu wa picha za Kihindi, na hasa za Raj Kapoor. Alirithi mapenzi hayo kwa mama yake, ambaye Jumapili alikuwa akipelekwa na wazazi kuona picha, familia nzima mstari mmoja. Mpaka leo Dada huweza kusimulia Awara ya mwaka 1951 kuanzia mwanzo hadi mwisho, na anapofika mahali pa mahakama sauti yake hubadilika. Mwalimu wa sekondari, wa pili wetu, hazithamini sana picha. Yeye ni mtu wa jukwaa. Kwake yeye hakuna kazi inayoifikia Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, na sababu yake huirudia kila mwezi: mchezaji wa sinema hawezi kukusikia ukikohoa, lakini wa jukwaani anakusikia, kwa hiyo mko pamoja. Mimi huangalia chochote, jambo ambalo wenzangu hulihesabu kuwa ni udhaifu.

Wa nne ni Mzee. Alikuwa fundi wa reli mpaka alipostaafu, na katika zamu zake hatujawahi kuona picha ya mwongozaji mwingine isipokuwa Howard Hawks, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1896 na kufariki mwaka 1977. Mzee ana hoja yake, na lazima nikiri kwamba ni hoja ya mtu aliyefikiri. Anasema kwamba waongozaji wengi huonyesha watu wanaopenda, wanaolipiza kisasi au wanaotafuta mali, lakini Hawks aliwaonyesha watu wakiwa kazini. Katika Only Angels Have Wings ya mwaka 1939 ni marubani wanaopeleka barua juu ya milima mibaya ya Amerika ya Kusini. Katika Red River ya mwaka 1948 ni wachungaji wanaoswaga maelfu ya ng'ombe. Katika Rio Bravo ya mwaka 1959 ni mkuu wa polisi wa mji mdogo, mlevi mmoja, mzee kiguru na kijana, ambao wanalinda jela pamoja, na hakuna hata mmoja ambaye angeiweza kazi ile peke yake. "Swali la Hawks ni moja tu," husema Mzee. "Je, huyu anaiweza kazi yake, na mwenzake anaweza kumtegemea?" Mtu aliyeshinda chini ya injini za treni kwa miaka zaidi ya thelathini ana haki ya kulipenda swali hilo.

Lakini picha aipendayo kuliko zote ni ile yenye jina la Kiswahili, Hatari!, ambayo Hawks aliipiga Tanganyika mwishoni mwa mwaka 1960 na mwanzoni mwa 1961, ikatoka mwaka 1962. John Wayne ndiye stelingi. Yeye na wenzake wanakamata wanyama wakiwa hai, twiga, pundamilia, nyati na vifaru, ili wauzwe kwenye bustani za wanyama ng'ambo. Wanawafukuza kwa malori mbugani, mtu mmoja amekaa kwenye kiti kilichofungwa ubavuni mwa gari na kushika mti mrefu wenye kitanzi. Hawks alitaka wachezaji wenyewe washiriki katika kukimbiza, na hilo linaonekana, kwa maana vumbi lile na hofu ile si vya kuigiza.

Mzee alikulia Arusha. Aliiona picha hiyo angali kijana mdogo, katika jumba la Metropole, wakati alikuwa hajui neno la Kiingereza zaidi ya salamu. Kaka yake, aliyekuwa karani, aliketi kando yake na kumnong'oneza kila lililosemwa. Watu wa mstari wa nyuma waliwaambia wanyamaze, halafu baada ya muda kidogo wakainama mbele ili nao wasikie.

Mwaka jana Mzee alianza kujigonga kwenye meza za Dada. Ikabainika kwamba ana presha ya macho, na kwamba kilichokwisha potea hakirudi. Dawa hulinda kilichobaki tu. Dada, ambaye ni muuguzi na hapendi kuzungusha maneno, alimwuliza ni kitu gani angetaka kukiona kabla ya mambo kuwa mabaya zaidi. Tulidhani atasema wajukuu. "Hao nimewaona," akajibu. "Nataka kumwona kifaru wa Ngorongoro. Nimezaliwa Arusha, na kifaru nimemwona Metropole tu."

Basi tukachanga nauli.

Kutoka Arusha mpaka Karatu ni kama kilomita 140. Barabara inapita nyanda kavu za Wamaasai mpaka Makuyuni, inakata kulia, inashuka Mto wa Mbu penye migomba na kelele za sokoni, kisha inaanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa. Hapo gari lilisimama ili abiria waangalie Ziwa Manyara. Mzee alishuka pamoja nasi. Alitazama kwa muda mrefu, akageuza kichwa pole pole kutoka kushoto kwenda kulia kama mtu apekuaye droo, kwa sababu anaona vyema zaidi katikati kuliko pembeni. Alisema maji ameyaona.

Baada ya Rhotia ardhi hugeuka kuwa nyekundu, na hewa huwa ya baridi. Karatu ni mji wa barabarani, na msafiri mwenye haraka huuona kama mstari wa maduka, gereji na nyumba za wageni. Lakini pembeni mwa barabara kuna kilimo cha watu wasiofanya mchezo: mashamba ya ngano na mahindi, kahawa kwenye miteremko kuelekea Oldeani, na mifugo ya Wairaqw ikirudi jioni kwa mstari. Wilaya hii ilimegwa kutoka Mbulu katika miaka ya 1990, na wazee wengi bado husema "nyumbani Mbulu" hali wako Karatu.

Tulifikia kwa baba wa rafiki yake Mwalimu, mzee wa Kiiraqw mwenye miaka sabini na kitu. Tulimpa shikamoo, akatuitikia marahaba, tukapewa uji wa moto kabla hatujaulizwa tumetoka wapi. Mazungumzo yalipofika kwenye sababu ya safari yetu, yule baba aliweka kikombe chini. Akasema kwamba alipokuwa mtoto mchungaji aliona malori ya Wazungu wa sinema yakipita njia ya Ngorongoro, na kwamba watoto waliyakimbilia mpaka vumbi likawashinda. Lakini picha yenyewe? Hajaiona hata siku moja. Hapakuwa na jumba la sinema, na gari la sinema la serikali, lilipofika, lilileta picha za kilimo bora.

Usiku huo, ndugu msomaji, tukafanya onyesho. Dada alikuwa na picha hiyo, televisheni ya mjukuu ikatolewa chumbani, na majirani wakajaa hata mlangoni. Ni picha ndefu, zaidi ya saa mbili na nusu. Nimekwisha iona mara nyingi, lakini usiku ule niliwatazama watazamaji. Walicheka vitoto vya tembo vinavyomfuata yule binti mpiga picha, na jina lake la Mama Tembo likawafurahisha akina mama. Mwenye nyumba alikuwa mkali wa jiografia. Kambi ya wakamataji ilipigwa Momella, chini ya Mlima Meru, na kila walipotoka hapo na mara wakawa mahali pengine alilalamika, "Hapo ni Meru! Wamefikaje huku kabla chai haijapoa?"

Kisha likaja jambo ambalo sisi wanne, pamoja na mabishano yetu yote ya Magomeni, hatujawahi kuligusa. Kila mnyama anaposimamishwa, vijana Waafrika huruka kutoka kwenye malori wakiwa na kamba. Hukimbia, hufunga miguu, husukuma sanduku, kisha picha hurudi kwa John Wayne na wenzake, ambao huenda kuoga, kula na kutaniana. Yule baba alinyoosha kidole. "Huyu mwenye kamba anaitwa nani?"

Hakuna aliyejibu. Mzee, anayejua majina ya marubani wote wa Only Angels Have Wings, alibaki anatazama kioo.

"Nauliza kwa sababu yeye ndiye aliye karibu na pembe," akasema yule baba.

Mwalimu angeweza kusherehekea ushindi wake hapo, lakini alinyamaza, na nilimheshimu kwa hilo. Mzee alichukua muda mrefu kusema. Hatimaye alisema kwamba Hawks aliwajua watu wa kazi, ila hakuwahesabu wote waliokuwa kazini. Kisha akaomba picha iendelee, kwa sababu bado aliipenda, na alitaka tujue kwamba bado anaipenda.

Asubuhi tulipita lango la Lodware, tukapanda ndani ya msitu wenye ukungu mpaka ukingoni mwa kreta. Upana wake ni kama kilomita 19, na sakafu iko kama mita 600 chini yako. Ukungu ulipopasuka Dada alisema "Ee Mungu wangu" kwa sauti ya kanisani. Mbele kidogo ya hapo ukingoni kuna kaburi la Michael Grzimek, kijana Mjerumani wa miaka 24 ambaye ndege yake ndogo yenye milia ya pundamilia iligongana na tai tarehe 10 Januari 1959. Alikuwa akihesabu wanyama na kupiga picha pamoja na baba yake, Bernhard. Sinema yao, Serengeti Haitakufa, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na baba alipofariki mwaka 1987 majivu yake yaliletwa kulala kando ya mwanawe.

Tulisimama hapo kwa adabu. Mwalimu alisema kwamba picha ile iliamsha dunia juu ya wanyama wetu, lakini inamtazama Mmaasai na ng'ombe wake kama tatizo. Ni kweli. Mwaka huo huo wa 1959 Wamaasai waliondolewa Serengeti, na eneo la Ngorongoro likatengwa ili watu, mifugo na wanyamapori wakae pamoja. Katikati ya miaka ya 1970 makazi ndani ya kreta yalikomeshwa. Na tangu mwaka 2022 familia nyingi zimehamia Msomera, wilayani Handeni. Tuliwapita vijana wawili wakichunga ukingoni, wamejifunika mashuka yao kwa baridi. Walitupungia mkono.

Kreta ilikuwa na vifaru zaidi ya mia moja katikati ya miaka ya 1960, yaani miaka michache baada ya Hawks kufunga mizigo yake. Kilichowamaliza si sinema. Ni majangili wa miaka ya 1970 na 1980, waliouza pembe Yemen zikawa mipini ya majambia, na Asia ya Mashariki zikawa dawa. Wakabaki wa kuhesabika kwa vidole. Leo wameongezeka tena, wakilindwa usiku na mchana na askari ambao, kama wale wenye kamba, msafiri hawajui majina.

Tulishuka kwa njia ya Seneto. Tuliona nyumbu, pundamilia, simba wawili waliolala kama magunia, na flamingo ziwani Magadi. Mzee aliwaona nyumbu kwa sababu walivuka barabara mbele ya gari. Saa zikaenda. Tulikuwa tumekwisha kula mkate wetu na kukaribia msitu wa Lerai, penye migunga ya manjano, dereva alipozima injini na kuonyesha upande wa kulia.

Alikuwa mbali sana. Kwa macho matupu angeweza kuwa jiwe jeusi kwenye nyasi. Kanuni hazimruhusu dereva kuacha njia, na hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Mzee alipewa darubini, akaizungusha, akairudisha. Alijaribu tena. Dada alimshika kichwa kwa mikono miwili na kukielekeza, kama anavyofanya kwa wagonjwa wake, naye Mzee akasema anaona majani, anaona majani tu.

Nadhani kimya kile kilichukua dakika moja. Kisha Mwalimu, ambaye hapendi sinema, akasogea kwenye kiti, akaweka mdomo karibu na sikio la Mzee na kuanza kumsimulia kwa sauti ya chini. Amesimama ubavu, Mzee. Pembe ya mbele ni ndefu, ya nyuma fupi. Kuna ndege mgongoni, wawili. Sasa ameinua kichwa, masikio yanageuka, moja mbele na moja nyuma.

Watalii wa gari la jirani walitugeukia ili tunyamaze. Dereva wetu aliinama nyuma asikie.

"Endelea," akasema Mzee, macho yake yameelekea huko huko. "Anafanya nini sasa?"